Kodi na Kibanda cha Mwakio

Juma lililopita jirani yangu hapa Voi alikandika jiko lake upya. Harufu ya udongo mwekundu uliochanganywa na samadi ya ng'ombe ilinifikia nikiwa mezani nikisahihisha insha za wanafunzi wangu, na ule ukali wake, unaokaa kooni kama moshi, ukanifanya niweke kalamu chini. Sisi tunaolipwa mishahara hujenga kwa mawe na saruji, na saruji haina harufu ya kumkumbusha mtu chochote. Nilifunga dirisha. Haikusaidia. Tayari nilikuwa nimerudi Mwanda, kijijini kwetu milimani, msichana wa miaka tisa mwenye tope hadi magotini, nikikanyaga udongo wa kukandikia kibanda cha kaka yangu Mwakio.

Ninataka kuzungumza nawe juu ya kodi, msomaji wangu, na utaniuliza kibanda kinaingiaje. Kinaingia kwa sababu kila nilichosoma baadaye juu ya kodi, katika vitabu vya watu wenye fikra nzito, nimekipima kwa kibanda kile, na mpaka leo kipimo hicho hunishtua.

Katika miaka ile ya hamsini, kwetu milimani, kijana wa kiume aliyeanza kuvunja sauti hakulala tena chini ya paa moja na mama yake. Hiyo ilikuwa adabu, na hakuna aliyeijadili, kama vile hakuna aliyejadili kunawa mikono kabla ya kula. Alijengewa kibanda kidogo kando ya nyumba kubwa, chenye kitanda cha fito na mlango wake mwenyewe, na tangu siku hiyo wazee walimsalimu kwa namna tofauti. Mwakio alirefuka mapema kuliko wenzake. Nyanya, mama mzaa baba, alikuwa akigeuza uso kila alipomwona akiinama kuingia jikoni.

“Huyu anagonga boriti kwa kichwa na bado analala kwa mamake,” alisema siku moja, akipepeta maharagwe. “Mnangoja apasue paa?”

“Ni mtoto wa shule bado,” mama alimjibu.

“Shule haizuii miguu kurefuka.”

Basi tukajenga. Mimi na mdogo wa Mwakio, Nyambu, tulikanyaga udongo, mama alikandika, na Mwakio mwenyewe akachonga dirisha moja dogo, kwa sababu alitaka mwanga wa kusomea. Alikuwa ndiyo kwanza amefaulu kwenda shule ya kati, wa pekee kutoka mtaa wetu mwaka ule. Ada ilikuwa imetafutwa kwa jasho la maharagwe na kuku, na ilipokamilika hapakubaki kitu nyumbani. Kwenye ukuta wa ndani, udongo ukiwa bado mbichi, aliandika jina lake kwa kidole, na nyanya akamwambia nyumba si daftari.

Baba alikuwa mwalimu wa kanisa, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Alipokea gazeti kutoka stesheni ya Voi likiwa limechelewa majuma kadhaa, mara nyingi likiwa limeshafungiwa sukari, na alisoma habari zake kwa mshangao mpya kana kwamba zimetokea asubuhi ile. Baada ya ibada wanaume walibaki uani mwa kanisa, naye akawaeleza dunia. Somo alilolipenda kupita yote lilikuwa kodi. Aliamini, kwa moyo wote, kwamba serikali na mtu wa kawaida wamefunga ahadi, na kwamba kodi ndiyo sehemu ya mtu katika ahadi hiyo. Mfano wake ulikuwa mfereji wetu wa maji, ule uliotoka juu msituni ukapita shamba kwa shamba. Kila nyumba ilitoa mtu wa kuuzibua kabla ya mvua, hata nyumba ya mjane, na hakuna aliyelazimishwa kwa fimbo kwa sababu kila mmoja aliyaona maji.

“Kodi ni mfereji wa nchi,” baba alisema. “Unatoa leo, maji yatafika kwako kesho.”

Mzee Kilelo, jirani yetu mwenye ulimi mrefu, hakumwacha hivyo hivyo. “Mwalimu, mfereji tunauchimba sisi na maji tunayanywa sisi. Haya ya kodi nimeyachimbia tangu sijaota mvi. Yanaelekea wapi?”

“Yanakuja, mzee wangu.”

“Basi yanakuja kwa magoti.”

Watu walicheka, na baba alicheka pia, lakini hakubadili neno. Mimi nilikuwa upande wake. Mtoto humwamini baba yake kabla ya kuelewa anachosema, na mimi nilimwamini mara mbili, maana sikuwa nimewahi kumsikia akisema uongo hata wa mzaha. Mama hakumtuma kamwe dukani kwa Muhindi kununua kitu cha kupatana bei. Baba angemwambia mwenye duka papo hapo ni kiasi gani hasa alichokuja nacho.

Asubuhi moja ya ukungu tulisikia watoto wa ng'ambo wakipaza sauti kutoka kilima hadi kilima: “Kanga wanashuka! Kanga wanashuka!” Hao hawakuwa ndege. Askari wa chifu tuliwaita askari kanga, na wakishuka kwa wingi kabla ya mavuno maana yake ilikuwa moja tu: wanatafuta wanaume wasiolipa kodi. Sheria ilimtoza kila mwanamume aliye mtu mzima. Nani alikuwa mtu mzima? Hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa maana wengi wetu hatukuwa na cheti cha kuzaliwa. Mwakio alizaliwa msimu wa nzige, kabla baba hajabatizwa, na hakuna aliyeandika siku hiyo popote. Kwa hiyo askari walitumia macho yao, na kilichowavutia macho kwanza kilikuwa kibanda chenye mlango wa peke yake.

Nyanya alielewa upesi kuliko sote. “Ingizeni mbuzi,” alisema.

“Mama, ndani kuna vitabu vyake,” mama akasema.

“Ingizeni mbuzi, nimesema. Kibanda kiwe zizi.”

Tuliwasukuma mbuzi wanne ndani, nao wakakataa kama watu waliopelekwa mahakamani. Mwakio alisimama kando, mikono kifuani, akiona haya kwa niaba ya vitabu vyake. Mara askari kanga wawili wakaingia uani pamoja na mzee wa mtaa, mtu aliyejulikana kwa koti lake la kijeshi lisilo na vifungo. Askari mmoja alikizunguka kibanda polepole, akachungulia.

“Hii nini?”

“Zizi la mbuzi,” mama alisema.

“Zizi lenye dirisha?”

“Mbuzi wetu wanapenda hewa.”

Askari wa pili aliziba mdomo asicheke. Mbuzi mmoja alitoa kichwa dirishani wakati huo huo, akitafuna, na karatasi nyeupe ikining'inia mdomoni mwake. Nadhani tungeokoka. Hata mzee wa mtaa alikuwa ameshaanza kugeuka, kwa maana alikunywa uji kwetu mara nyingi na hakututakia mabaya. Lakini baba alikuwa akipanda njia kutoka kanisani, akafika, akaona mbuzi dirishani na watu wamesimama, na kabla mama hajamkonyeza akasema kwa sauti yake ya kusomea matangazo:

“Hiki ni kibanda cha mwanangu Mwakio.”

Sitasahau uso wa mama. Sijawahi tena kuona uso wa mtu ukifungwa namna ile.

Tulipelekwa uani mwa kanisa, ambako afisa Mzungu wa wilaya, Bwana D.O. kama tulivyomwita, alikuwa amekaa mezani chini ya turubai. Wanaume na vijana walipangwa mstari, na wanawake na watoto walisimama kando wakitazama. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo akili yangu ilikataa kwanza kuliamini. Kila kijana asiyejulikana umri alivuliwa shati, akaambiwa ainue mikono juu, na askari akamkagua kwapani kama vile mchinjaji anavyokagua mbuzi sokoni. Mwenye nywele alikuwa mtu mzima wa kutozwa. Asiye nazo alikuwa mtoto. Mbele ya mama zao, mbele ya dada zao, uani mwa kanisa.

Mbele ya Mwakio katika mstari alikuwa Mwadime, mpwa wa mzee wa mtaa, aliyemzidi Mwakio umri kwa mwaka au zaidi. Mwadime alinyoosha mikono, na kwapa zake zilikuwa laini kama sufuria iliyosuguliwa. Mikwaruzo myekundu ilionyesha wazi kwamba wembe ulipita asubuhi ile.

“Mtoto,” askari alisema, akimwangalia mzee wa mtaa.

“Mtoto huyo amepeleka mahari!” mwanamke mmoja alipiga kelele kutoka nyuma, na kicheko kikapita kwa watu wote. Mwadime akavaa shati lake na kwenda zake, akitabasamu.

Zamu ya Mwakio ikafika. Alivua shati lake la shule, akalikunja vizuri, hakujua aliweke wapi, akalibana katikati ya magoti. Akainua mikono. Alikuwa mwembamba mno hivi kwamba mbavu zilihesabika. Askari aliinama, akatazama, akasita, akatazama tena. Nywele zilikuwa chache, za kuanza kuanza. Akamgeukia Bwana D.O., na Bwana D.O. akamgeukia baba. Alizungumza Kiswahili kizuri, pole pole, kama mtu anayepanga vyombo.

“Mwalimu, wewe ni mtu wa kanisa. Kijana huyu ana umri gani?”

“Sijui kwa hakika, bwana. Alizaliwa wakati wa nzige.”

“Na nyumba ile amejengewa kwa sababu gani?”

“Kwa mila yetu, kijana akikua hukaa peke yake.”

“Basi kwa mila yenu yeye ni mtu mzima?”

Nilimwona nyanya akitikisa kichwa mara moja, kidogo sana. Mwakio alikuwa bado ameinua mikono, kwa maana hakuna aliyemwambia aishushe.

“Kwa mila yetu,” baba alisema, “amevuka utoto.”

“Asante. Umesema kweli.” Bwana D.O. akaandika.

“Lakini ni mwanafunzi, bwana,” baba akaongeza upesi. “Ana nafasi shule ya kati. Ada tumeshatoa, na hakuna kilichobaki. Tuvumilie hadi maharagwe yaive. Nitalipa mimi. Nimekuwa nikiwafundisha watu hawa kwamba kodi inajenga shule.”

Bwana D.O. aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mkali. Hilo nalikumbuka vizuri, na ndilo linalonitisha zaidi.

“Mwalimu, nikuambie kama rafiki. Kama kodi ingekuwa ya shule tu, tungeitoza nusu. Kodi inamfundisha kijana kazi. Bila kodi kijana wa milimani hatashuka kamwe, na mkonge wa huko chini utakatwa na nani? Mwache aende miezi michache. Atarudi mwanamume. Nami ningekuwa na watu kumi wa kweli kama wewe, kazi yangu ingekuwa nyepesi.”

Akampa baba mkono. Baba akaupokea, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na nilimwona akiutazama mkono wake baadaye kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mchana ule Mwakio aliteremka na vijana wengine kuelekea mashamba ya mkonge tambarare, shati likiwa bado limekunjwa mkononi.

Alirudi mvua zilipoanza, viganja vimechanwa na miiba na lugha yake imeingia matusi ambayo hatukuyajua. Kodi ilikuwa imelipwa. Nafasi yake shuleni ilikuwa imepewa mvulana wa mtaa mwingine. Alikwenda mara moja kuonana na mwalimu mkuu, akarudi jioni hiyo hiyo, akachukua jembe.

Nilipokua nikapata bahati ya kusoma, na nilisoma kwa hasira. Nilitafuta walichosema wenye fikra za utawala juu ya kodi. Nilikuta waliofundisha kwamba kodi ni ujira wa ulinzi: raia anatoa sehemu ya mali ili aishi kwa amani na iliyobaki. Nilikuta walioshikilia kwamba hakuna haki ya kumtoza mtu asiye na sauti katika baraza linalotunga sheria, nikawaza mstari wa mikono iliyoinuliwa. Wengine walitaka kila mtu atozwe kwa kadiri ya uwezo wake, tena kwa wakati unaomfaa, nikawaza maharagwe ambayo hayakuwa yameiva. Wapo waliosema kodi yote ni unyang'anyi, na sikuwakubali, kwa maana nililelewa kando ya mfereji. Nilisoma pia maneno ya watawala wa makoloni, walioandika bila haya kwamba kodi ni njia ya kumtoa Mwafrika shambani kwake kumpeleka katika shamba la mwingine, nikagundua kwamba Bwana D.O. hakutudanganya hata kidogo. Na viongozi wetu wenyewe, bendera ilipobadilika, walitusihi tulipe kwa sababu sasa nchi ni yetu. Nilikubaliana nao, na bado nakubaliana nao. Lakini nilishangaa kuona watu wazima, wenye elimu na mishahara, wakiificha mali yao kwa serikali yao wenyewe na kulisimulia jambo hilo mezani kama ushujaa. Nikajiuliza walijifunzia wapi. Sikuhitaji kwenda mbali kulipata jibu.

Miaka miwili baada ya Mwakio kurudi, Nyambu naye alivunja sauti. Alikuwa mnene wa mabega, na kidevuni alikuwa na vinyweleo. Hakujengewa kibanda. Hakuna kijana aliyejengewa kibanda tena mtaani petu. Walilala jikoni kwa mama zao, miguu imetokeza nje ya mikeka, na nyanya alikula akiwapa mgongo hadi alipokufa. Adabu ya vizazi ilivunjika kimya kimya, na hakuna baraza lililokaa kuijadili.

Kanga walishuka tena. Safari hii walikuja nyumba kwa nyumba, na kwetu alikuja askari mmoja tu, yule aliyewahi kuziba mdomo asicheke. Baba alikuwa ameketi mlangoni akirekebisha mpini. Mwakio alikuwa akipalilia karibu na uzio. Nyambu alikuwa amesimama wima katikati ya uani, maana hapakuwa na pa kumficha.

“Mwalimu, shikamoo. Huyu kijana wako vipi?”

“Marahaba,” baba alisema. Hakuinua macho kutoka kwenye mpini. “Huyo ni mtoto.”

Lilitoka kwa urahisi, kwa sauti ile ile ya matangazo ya kanisa. Askari alimtazama Nyambu, akakitazama kidevu chake kwa muda. Nyambu alishaanza kuinua mikono.

“Shusha, shusha,” askari alimwambia. “Mwalimu akisema ni mtoto, ni mtoto. Huyu mzee hasemi uongo. Namjua.”

Akaaga, akashuka njia. Mama alitoa pumzi kama mtu aliyetua mtungi. Mimi niliruka, nikampigia baba makofi, na Nyambu akanibeba akanizungusha uani huku tukicheka. Nilidhani tumeshinda. Ni katikati ya kicheko hicho nilipomwona Mwakio, amesimama kwenye mahindi, jembe limeshuka mkononi. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeonyeshwa mlango katika ukuta alioupapasa gizani kwa muda mrefu.

“Kumbe neno hilo linasemeka,” alisema.

Baba aliendelea kuchonga mpini, ingawa ulikuwa umekwisha, mpaka ukawa mwembamba usiofaa jembe lolote. Jumapili iliyofuata wanaume walibaki uani mwa kanisa kama kawaida, wakamngoja, naye akapita katikati yao akaenda nyumbani.

Nilikuwa mtu mzima kabisa, nikiwafundisha watoto wa wenzangu wajibu wa raia, nilipoelewa nilichokipigia makofi siku ile. Serikali iliyomtoza baba kila mwaka ilikuwa imeshachukua kwake sehemu yake halali na isiyo halali, naye alibaki na kitu kimoja tu ambacho hakuna sheria iliyoweza kukitoza: neno lake liliaminika bila kukaguliwa. Alikilinda hata kilipomgharimu mtoto. Alipokuja kukitumia, alikitumia chote mara moja, kumwokoa mtoto wa pili, na wa kwanza akisikia.